Aliyesalimiwa Uani

Mwezi wa Juni, ukungu wa Mshangano hauna haraka ya kuondoka. Hulala juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ukapanda mpaka madirishani. Mtu akisimama uani asubuhi haoni hata ua wa michongoma unaozunguka nyumba yake.

Dorine alikuwa amezoea kufua saa hizo. Alikuwa na biashara ya vitenge sokoni, Songea mjini, na asipofua mapema, siku humpita. Aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, kisha akabeba beseni hadi kwenye kibaraza cha kufulia.

Kibaraza hicho alikipenda. Kilikuwa cha saruji nyekundu, kimesuguliwa vizuri, kimeinuka kidogo kutoka ardhini. Kilikuwa kirefu na chembamba. Nguo ukizitandaza juu yake hazigusi vumbi.

Asubuhi moja alikuwa akikamua shati la mumewe aliposikia sauti ya mwanamke mzee nyuma ya michongoma.

"Umeamkaje, Agape?"

Dorine akainua kichwa. Hakuona mtu. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Nani huyo?" akauliza.

Hakujibiwa. Sauti ikaendelea, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliye kitandani.

"Baridi imekuuma, mwana wangu?"

Kikapita kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza jibu. Halafu sauti ikasema, "Haya. Hata mimi nimeamka salama." Majani yakavunjika chini ya miguu, na hatua zikapotea upande wa shambani.

Dorine aliacha beseni palepale, akaingia ndani. Mumewe, Leonce, alikuwa akifunga viatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amehamishiwa Songea kutoka Kagera.

"Baba Brigita, hapa mtaani kuna mtu anaitwa Agape?"

"Sijui. Labda mtoto wa jirani."

"Jirani gani? Nyuma ya ua hakuna nyumba. Ni shamba tu."

Leonce akacheka. "Basi shamba lina watu wake. Chai tayari?"

Dorine hakucheka.

Nyumba hiyo waliinunua mwishoni mwa masika. Kabla ya hapo walikuwa wapangaji mjini, vyumba viwili na choo cha kuchangia na watu wengi. Walitamani pa kwao. Dalali mmoja aitwaye Osmund aliwapeleka kwenye nyumba nyingi, na zote zilikuwa na kasoro. Hii ya Mshangano ilikuwa nzuri kupita kiasi. Bati jipya, vyumba vitatu, uwanja mpana, na bei iliyo chini kidogo ya zile nyingine.

Dorine alikumbuka alivyomuuliza Osmund siku ile wakiwa wamesimama uani.

"Kaka, mbona bei imeshuka? Kuna jambo tunalopaswa kujua?"

"Hakuna kitu, dada yangu. Mwenye nyumba amehamia Mbinga kwenye kahawa zake. Anataka kuuza haraka tu. Kiwanja kisafi kabisa."

"Na hiki kibaraza? Saruji yake inaonekana ya juzi."

Osmund alikitazama kibaraza kidogo, kisha akatazama pembeni. "Hicho amewawekea muuzaji. Cha kufulia. Mama wa nyumba asipate tabu."

Leonce alitaka waende ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa. Osmund akasema mwenyekiti amesafiri, na kuna mteja mwingine wa kutoka Njombe anakuja kesho yake. Wakaogopa kupokonywa. Wakaandikishana mezani kwa Osmund, shahidi akiwa rafiki yake Osmund. Romanus, muuzaji, alikuja kutia saini. Alikuwa mtu mkimya mwenye macho mekundu. Hakutaka kuingia tena katika ile nyumba, hata kukabidhi funguo. Alizikabidhi barabarani.

Wakati ule hawakuliona hilo. Sasa Dorine alianza kuliona.

Aliona na mengine. Wanawake wa jirani walikuwa wakipita njiani wakiongea na kucheka, lakini wakifika kwenye uwanja wake, sauti zilishuka. Wakishapita, ziliinuka tena. Mama Otto, jirani wa upande wa kulia, alikuja siku moja kuomba moto. Alimkuta Dorine amekaa juu ya kibaraza anachambua mchele. Mama Otto alifanya ishara ya msalaba kifuani, akasahau alichofuata, akarudi kwake bila moto.

Siku nyingine dereva wa bodaboda alileta gunia la mkaa.

"Liweke hapo juu ya kibaraza, lisilowe," Dorine akamwambia.

Kijana akalishusha gunia kwenye matope. "Hapo siweki, mama."

"Kwa nini?"

"Nimesema tu." Akawasha pikipiki. Hakusubiri hata chenji yake.

Kisha ukaja unga. Dorine aliamka akakuta unga mweupe umemwagwa kwenye pembe ya kibaraza, kiasi cha kuenea kiganjani. Pembeni ya unga, ua moja la njano. Umande wa usiku ulikuwa juu ya nyasi zote, isipokuwa mstari mmoja. Mtu alikuwa ametembea kutoka kwenye pengo la michongoma hadi hapo, kisha akarudi.

Dorine aliufagia unga. Keshokutwa yake ukawapo tena.

"Tunalogwa," akamwambia Leonce.

"Nani atulogee nini? Tuna nini sisi?"

Lakini usoni mwake Leonce hakuwa na kicheko tena. Jioni alianza kufunga milango mapema. Alinunua komeo jipya. Alikaa na daftari za wanafunzi mbele yake bila kusahihisha hata moja.

Kilichomvunja Dorine nguvu kilitoka kwa mtoto. Brigita, binti yao, alikuwa bado mdogo wa chekechea. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa amechuchumaa mlangoni, anatazama uani.

"Mama," akasema, "bibi anamsalimia mtoto wa kwenye kibaraza."

"Mtoto gani?"

"Agape. Bibi anamwita kila siku. Lakini yeye hajibu. Mimi nikijibu, bibi analia."

Dorine alimnyanyua mtoto, akamfungia chumbani na baba yake. Akajifunga kitenge, akatoka. Alijiambia kwamba kama ni mtu, atamwona, na kama si mtu, basi wahame leo hii.

Ukungu ulikuwa umejaa uwanja mzima. Kwenye pengo la michongoma alisimama kikongwe, amejifunika shuka jeusi, kichwani amefunga kitambaa cheupe. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati. Hakukimbia. Alimtazama Dorine kwa aibu kidogo, kama mgeni aliyekutwa bado hajabisha hodi.

Dorine alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Badala yake mdomo ulitoa kile ulichozoea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umenikuta. Nilisema leo niwahi usinione, nimechelewa."

"Wewe ni nani, bibi?"

"Theodosia. Mama yake Romanus. Naishi kwa binti yangu, ng'ambo ya shamba hili."

"Kwa nini unamwaga unga uani kwangu?"

Bibi Theodosia akashangaa. "Namletea Agape. Hapikiwi tena chakula, basi nampa unga kidogo, kama tulivyofundishwa na wazee. Halafu namsalia rozari nikirudi. Padri akisikia atanigombeza, lakini ndiyo moyo wangu."

"Agape ni nani?"

"Mjukuu wangu. Mtoto wa Romanus." Bibi akanyoosha kidole kwenye kibaraza chekundu. "Si huyo hapo."

Dorine akageuka kutazama. Akaona urefu wa kibaraza. Akaona wembamba wake. Akaona kwa mara ya kwanza kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikiona.

"Hilo ni kaburi?"

"Wewe hukujua?" Bibi alisogea karibu. "Aliugua kidogo tu, malaria ilipanda kichwani. Tukamzika nyumbani. Mwanangu aliniambia amewapangisha nyumba, na kwamba wapangaji wanajua. Saruji, akasema amemsakafia ili mvua isimchimbe. Nikafurahi. Halafu nakusikia kila asubuhi unafua juu yake. Nikasema moyoni, labda kwao ndiyo desturi, nisiwaseme wageni."

"Sisi si wapangaji, bibi. Tumenunua."

Kikombe kilianguka. Bibi Theodosia alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, taratibu, kama mtu aliyekatwa miguu. "Ameuza," akasema. "Romanus amemuuza na mtoto."

Dorine aliketi kando yake. Alikumbuka maji yote ya sabuni aliyoyamwaga juu ya kile kibaraza, na jinsi alivyokuwa akizipiga nguo juu yake kwa nguvu. Wakalia wote wawili, kila mtu kilio chake.

Saa hiyohiyo Leonce alimpigia simu Osmund. Dalali alifika kabla ya mchana, koti begani, na hakuonekana kushtuka.

"Ulijua?" Leonce akamuuliza.

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuunganisha watu. Nyumba si yangu."

"Nimekuuliza kama ulijua!"

"Nilijua. Lakini hamkuniuliza habari za kaburi."

Dorine akasimama. "Nilikuuliza kama kuna jambo. Nikakuuliza hicho kibaraza ni cha nini. Ulinijibu nini?"

Osmund akatazama mlangoni. Kisha akashusha sauti, akawa mpole. "Sikilizeni, shemeji zangu. Mambo yamekwisha kutokea. Msipige kelele, mtaharibu soko lenu wenyewe. Nina mteja, mfanyabiashara wa kutoka Tunduru, anatafuta nyumba upande huu. Namleta wiki hii. Mkinyamaza tu, anachukua. Ninyi mnapata chenu, mnakwenda pengine. Yeye atajuana mwenyewe na bibi."

Alipoondoka, Dorine alimtazama mumewe. Alitegemea kumwona amekasirika. Leonce alikuwa anatazama sakafu.

"Usiniambie unakubali," Dorine akasema.

"Mkopo wa nyumba hii unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, Mama Brigita. Nifanye nini? Mtoto wetu anaongea na marehemu."

"Na huyo anayekuja hana mtoto?"

Leonce akachukua daftari zake, akaingia chumbani.

Mteja alikuja na mkewe. Aliitwa Abasi, mtu mnene mcheshi, kofia kichwani. Osmund aliwatembeza vyumbani, akagonga kuta, akasifu bati. Dorine alikaa jikoni, mlango wazi. Kwa ajili ya mkopo wa mumewe, alijiapiza hatasema neno. Aliwaacha watoke uani.

Mke wa Abasi alikwenda moja kwa moja kwenye kibaraza. Alikipapasa kwa kiganja. "Mashallah. Hapa nitafulia nguo za mwanangu," akasema. Akamgeukia Dorine. "Dada, wewe ndiye unayeishi hapa. Niambie kweli ya mwanamke kwa mwanamke. Nyumba hii ina kasoro gani?"

Osmund akacheka haraka. "Haina..."

"Hapo ni kaburi," Dorine akasema.

Mke wa Abasi aliondoa mkono wake polepole, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu.

"Ni kaburi la mtoto anaitwa Agape," Dorine akaendelea. "Sisi tulifichwa. Bibi yake anakuja kila asubuhi kumsalimia, naye hana kosa. Siwezi kukuuzia bila kukuambia."

Osmund alikwishashika njia. Abasi alivua kofia, akasimama kimya mbele ya saruji, mikono ameinua, akaomba dua fupi kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Alipomaliza akamgeukia Leonce.

"Mwalimu, mkeo ameniokoa. Ila nanyi msikae na jambo hili kama mzigo wa siri. Mimi niliwahi kuuziwa shamba lenye mgogoro upande huu huu. Kuna mama pale kata, msaidizi wa kisheria, anaitwa Imaculata. Hatozi kitu. Nendeni kwake."

Leonce aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Walikwenda Jumatatu.

Imaculata aliwapokea kwenye chumba kidogo chenye benchi. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyepata mafunzo ya sheria kwa ajili ya kusaidia wananchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akausoma na mkataba wao. Kisha akauliza maswali.

"Ulipouliza kama kuna jambo, dalali alijibu hakuna?"

"Ndiyo," Dorine akasema. "Na kibaraza akasema ni cha kufulia."

"Na muuzaji ndiye aliyeweka saruji juu ya kaburi?"

"Bibi anasema ni yeye. Msalaba ulikuwapo, sasa haupo."

Imaculata akavua miwani. "Basi sikilizeni. Watu wengi wanadhani ukishauza umeuza, na mnunuzi akikuta tatizo ni bahati yake mbaya. Sivyo. Mkataba unasimama juu ya ridhaa. Ridhaa ikipatikana kwa udanganyifu si ridhaa huru. Na udanganyifu si kusema uongo kwa mdomo peke yake. Mtu anayejua jambo zito, akalifunika kwa makusudi ili usilione, huyo naye amedanganya."

"Hata kama hakusema kitu?" Leonce akauliza.

"Hapo uwe makini, mwalimu. Kunyamaza peke yake sheria haihesabu kila mara kuwa ni kosa. Ndiyo maana mnunuzi lazima aulize, akague, aende serikali ya mtaa, aongee na majirani. Kama ubaya ungeweza kuuona kwa kuangalia kwa kawaida na hukuangalia, unaweza kujikuta huna pa kushika. Lakini hapa hawakunyamaza tu. Walifunika. Na mlipouliza, walijibu uongo."

Leonce akakuna kichwa. "Mtaani hatukwenda. Osmund alisema mwenyekiti amesafiri."

"Mwenyekiti wenu namfahamu, hakusafiri popote. Mngekwenda, angewaambia siku hiyohiyo. Mazishi yale alihudhuria. Hilo ni kosa lenu, na kwenye shauri mtaulizwa. Lakini haliwafuti wao."

"Na dalali?" Dorine akauliza. "Anasema nyumba si yake."

"Nyumba si yake, lakini uongo ni wake. Alikuwa anafanya kazi ya muuzaji, kwa hiyo maneno yake yanamfunga muuzaji kama vile ameyasema mwenyewe. Na dalali naye, akidanganya huku akijua, anaweza kudaiwa binafsi. Hawezi kujificha nyuma ya mwenye nyumba."

"Tunaweza kufanya nini?"

"Mna njia mbili. Mnaweza kuuvunja mkataba, mrudishe nyumba nao warudishe chenu. Au mnaweza kubaki na nyumba na kudai fidia. Tutaanza Baraza la Kata, kazi yao ni kusuluhisha. Ikishindikana, tunakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila msikawie. Mtu akijua amedanganywa, akaendelea kukaa kama kawaida, anaweza kuhesabiwa amekubali." Akamtazama Leonce moja kwa moja. "Na mngemuuzia yule Abasi kwa kunyamaza, leo ningekuwa nimekaa na yeye, nikimweleza jinsi ya kuwadai ninyi."

Leonce aliinamisha kichwa. "Naelewa, mama."

Siku ya usuluhishi Romanus alikuja kutoka Mbinga. Wajumbe wa baraza walitaka kuona wenyewe, basi wote wakaenda uani. Majirani nao wakajaa. Mama Otto alimshika Dorine mkono.

"Tusamehe, jirani. Tulidhani mmeambiwa. Tulikuwa tunashangaa, hawa watu wana roho gani."

Mwenyekiti wa baraza alimuuliza Romanus kama hapo pana kaburi. Romanus alimtazama mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda pembeni.

"Lipo," akasema.

"Kwa nini ulilificha?"

"Nilikuwa kila nikifungua mlango namwona. Mke wangu alishindwa, akarudi kwao. Nikasema niuze, niondoke. Osmund akaniambia, ukitaja kaburi hakuna mgeni atakayenunua. Akasema ziba, weka saruji. Nikaziba. Nilidhani nikiziba na mimi nitapumzika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijapumzika."

Osmund alijaribu kukana. Lakini mbele ya mzazi yule, na mbele ya Dorine aliyerudia maneno yake moja baada ya jingine, ubishi wake ulipungua mpaka ukaisha.

Walikubaliana mbele ya baraza, na makubaliano yakaandikwa. Mkataba ulivunjwa. Romanus atarudisha malipo yote, na kwa kuwa sehemu aliitumia kwenye shamba, atauza pikapu yake kukamilisha. Osmund atarudisha udalali wake, na atalipia gharama za familia kuhama. Leonce na Dorine hawatatoka mpaka malipo yakamilike.

Wajumbe walikuwa wanajiandaa kuondoka Bibi Theodosia aliposema, "Na saruji je?"

Romanus akaenda kwa Mama Otto kuazima nyundo na mtaimbo. Alipiga mwenyewe. Pigo la kwanza lililia kwa ndani, sauti nzito, na watu wote wakarudi nyuma. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka, jua lilikuwa juu, lakini Dorine alihisi baridi ya alfajiri mgongoni. Saruji ilipasuka vipande. Chini ya vipande, umelazwa kifudifudi kwenye udongo, kulikuwa na msalaba mdogo wa chuma.

Romanus akaugeuza. Jina lilikuwa bado linasomeka. Alipiga magoti, akauchomeka mahali pake, akaushindilia udongo kwa mikono. Mama yake akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba, na mtaa mzima ukauitikia. Dorine hakuwa akiujua wimbo ule. Alisimama tu na Brigita mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie, watu waliimba katika uwanja ule bila kushusha sauti.

Malipo yalikamilika baada ya mavuno ya kahawa. Bibi Theodosia alirudi kuishi katika nyumba hiyo, karibu na mjukuu wake. Romanus huja kumwona, na sasa huingia hadi ndani.

Leonce na Dorine walianza kutafuta upya. Safari hii hawakukubali kuharakishwa. Walikwenda serikali ya mtaa kwanza, wakaongea na majirani wa kila upande, wakaja tena siku ya mvua kuona maji yanapita wapi. Dalali mmoja aliwanunia, wakamwacha. Mwishowe walifika Mjimwema, kwa mzee mmoja aitwaye Rupert, aliyekuwa akiuza nyumba ya matofali ya kuchoma ili ahamie kwa mwanawe Dar es Salaam.

Nyumba ilikuwa ya kawaida tu. Dorine alikuwa hajafungua mdomo kuuliza, mzee Rupert akachukua fimbo yake.

"Nyumba mmeiona, mkaguzi wenu mtamleta," akasema. "Sasa njooni niwaonyeshe ubaya wake. Kisima kinakauka kuanzia Oktoba. Ukuta wa choo una ufa, nilipaka chokaa mwaka juzi lakini nimeikwangua muuone. Na huyu jirani wa nyuma ananidai njia ya kupita, haki yake, ipo kwenye maandishi ya mtaa. Hayo yote nimeyaingiza kwenye mkataba. Msipoyataka, tuachane kwa heri."

Leonce alimtazama mkewe. Dorine alikuwa anacheka, machozi yanamlengalenga.

"Tuanze na ufa, baba," akasema. "Tuonyeshe ulipo."